Dagaa wa Chaki

Lushinge alikuja Makoroboi na deki kwapani,
kaifunga kwa kitenge kama kitoto cha mbuzi,
akaitua mezani pangu, kati ya pasi zilizoungua
na redio ya katekista isiyolipiwa tangu Pasaka.
"Bujiku," akasema, "hii si deki ya kawaida.
Sidii yako ina vitone elfu arobaini na nne na mia moja
kwa sekunde. Hii huvizidisha hadi
laki moja na elfu tisini na mbili. Soma hapa."
Nikasoma. Imeandikwa kweli,
kwa wino wa dhahabu, chini ya kitufe.

Mimi ni fundi.
Wino wa dhahabu nimeufuta mara nyingi kwa spiriti.

Nikamwuliza: hivyo vya ziada vimetoka wapi?
Kule Mwaloni, Kirumba, mama kaanika dagaa,
mmoja hapa, mmoja pale.
Ukapita wewe na chaki, ukachora watatu
kila penye nafasi, utasema pamejaa.
Lakini jioni, kwenye mzani,
utapima chaki?

Akanuna.
Kununa kwake nakujua tangu darasa la nne.

Basi nikarudi nyuma kidogo, maana haki ni haki:
chaki ile ina kazi yake.
Vitone vikigeuka sauti huja na mizuka,
inalia juu kabisa, sikio lisikofika,
na kichujio lazima kiikate palepale mlangoni,
kikali kama mlinzi wa benki
anayewapapasa hata wenye akaunti.
Zidisha vitone, mizuka inahama,
inakwenda kuishi Ukerewe huko,
na mlinzi anapata kukaa, anafungua kwa upole.
Hilo tu. Dagaa ni walewale.

"Kwa hiyo ni bora," akasema.
"Kwa hiyo tusikilize," nikasema.

Nyanzala wa duka la nguo ndiye aliyebonyeza,
sisi wawili tumegeukia ukuta kama watoto watoro.
Sidii ilikuwa ya kwao Magu, wanawake wanapura mpunga,
mama yake Lushinge ndiye anayeanzisha.
Mara kumi. Yeye akapatia tano.
Mimi sita, nikaanza kujikweza,
Nyanzala akasema hata sarafu yake hupatia sita,
na kwamba mara ya saba hakubonyeza kitu,
alikuwa anamrudishia mteja chenji.
Ndiyo hiyo ya saba Lushinge aliyopiga goti:
"Hapo! Umesikia hapo palivyofunguka?"

Tulicheka sisi. Yeye hakucheka.
Akairudisha sidii nyuma, dakika ya nne.
"Hapa mama anageuka, anamwambia mtoto neno.
Mtoto ni mimi. Neno silisikii.
Nilidhani vikiwa vingi…"

Sikuwa na la kusema. Kinasasauti kilikuwa kule,
mama aligeukia huku. Basi.
Nikainama kutafuta bisibisi nisiyoihitaji,
na huko chini ya meza nikaona
waya wa spika yangu ya kushoto umechomoka.
Mimi, fundi! Mara zote kumi
tumesikiliza kwa sikio moja la mashine.

Nikauchomeka.
Upande wa kushoto akafunguka mwanamke mwingine,
mzito, anachelewa nusu pigo, anaitikia.

"Mama mdogo Minza," akasema Lushinge, polepole.
"Nyumbani nina spika moja. Nyingine shemeji alichukua
msibani, hakurudisha."
Minza yumo humo miaka yote. Hakuzidishwa na mtu.

Nilimtoza elfu tatu, kwa waya wangu mwenyewe,
Nyanzala akanisuta mpaka jioni.
Neno la mama halikurudi. Alipitia tena dakika ya nne,
tena, mchi ukishuka, kichwa kikigeuka.

Kisha akasema, "Lakini iwashe tu, ile ya laki."
Nikaiwasha.
Ina taa ndogo ya bluu. Nzuri, sikatai.